Level siti imerudi, tuambizane ukweli: uswahilini tunaishije na huu ugonjwa wa corona? (uzi wa Agosti 2021)

#1 Mpangaji wa Mbagala (mwanzisha uzi)

Wakuu heshima yenu.

Level siti (daladala kubeba abiria waliokaa tu) imerudi, barakoa zimerudi milangoni kwenye mabenki na maofisi, zile ndoo za koki ambazo watu walishazigeuza za kufulia nazo naona zimerudishwa nje ya maduka, na kwa jinsi misiba inavyofuatana mtaani kwetu hili wimbi la tatu sio la kuchezea kabisa. Humu ndani nyuzi za kubishana zipo nyingi, huyu anasema upo huyu anasema haupo, huyu nyungu (kujifukiza) huyu chanjo, ila sijaona uzi wa watu kukaa na kuambizana taratibu kwamba mimi na chumba changu na sebule, choo cha nyumba nzima, kazi Kariakoo, mama mzazi ana sukari na presha, naishije. Ndo huo naufungua leo, naomba tuchangie kwa faida ya wote.

Mimi kitu kinachonikaa moyoni ni kwamba sisi hatukufungiwa. Wenzetu Kenya waliwekewa kafyu toka Machi 2020, Uganda na Rwanda watu wamefungiwa ndani zaidi ya mara moja, sisi waziri wa afya wa wakati ule Ummy Mwalimu alitangaza mgonjwa wa kwanza 16 Machi 2020, kesho yake shule zikafungwa, ligi ikasimama, Aprili ndege za abiria zikazuiwa, baada ya hapo Mei ndege zikarudi, Juni mpira ukarudi na tarehe 29 Juni shule zote zikafunguliwa. Soko, kanisa, msikiti, daladala, kibarua, havikufungwa hata siku moja. Na mimi hilo silaumu, mtu anayekula alichouza leo ukimwambia akae ndani wiki mbili umemuua kwa njaa kabla corona haijamfikia. Ila matokeo yake kazi yote ya kuamua ikaangukia nyumbani. Nani atoke nani abaki, bibi asalimiwe vipi, msibani twende wangapi, mtoto akikohoa alale wapi. Kila nyumba ikajitungia sheria zake, na nyumba isiyojitunga ikaishi bila sheria.

Alafu na takwimu zilisimama. Mwanzoni mwa Mei 2020 tulikuwa na wagonjwa 509 na vifo 21, baada ya hapo kimya mpaka mwaka huu 2021. Kwahiyo mtaani tulikuwa tunapima hali kwa macho, unahesabu maturubai ya msiba unapotoka kazini, unasikia fulani kapata nimonia, fulani "changamoto ya upumuaji", unarudi nyumbani unafunga mkanda. Februari 2021 ndo ilikuwa mbaya zaidi, siku ile ya tarehe 17 alipofariki Maalim Seif, makamu wa kwanza wa rais Zanzibar, ambaye chama chake kilishasema wazi kwamba ana corona, na siku hiyohiyo Balozi Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi, naye akatutoka, nakumbuka mabishano mtaani kwetu yalikatika ghafla. Watu waliokuwa wanacheka barakoa walizitafuta usiku uleule.

Sasa nije kwenye daladala maana hapo ndo wengi tunapoishi. Natoka Rangi Tatu huku Mbagala asubuhi, wanaojua wanajua, ikifika gari watu wanaingilia madirishani. Level siti inasaidia sana ikifuatwa, lakini inafuatwa mpaka kituo ambacho trafiki haonekani, baada ya hapo "sogea sogea nyuma kuna nafasi". Nilichojiwekea mimi ni dirisha. Nakaa dirishani na dirisha nalifungua, liwe na vumbi liwe na baridi ya asubuhi. Nikikosa la dirishani namuomba aliyekaa hapo kwa upole, "kaka samahani tusaidie kidogo hewa", wengi wanafungua, anayekataa simgombezi, navaa barakoa yangu vizuri puani na natazama mbele, siongei na simu. Mvua ikinyesha madirisha yote yanafungwa na humo ndani watu wanapumuliana, siku hiyo kama muda unaruhusu nashuka nasubiri gari lenye watu wachache hata kama bosi atanuna.

Kwanini nasisitiza hewa. Mwaka 2020 nguvu zetu zote zilikuwa mikononi, nawa, paka sanitaiza, usishike nondo ya gari, na kunawa ni muhimu kwa kweli maana sabuni inavunja lile ganda la mafuta la kirusi na inatuokoa na kipindupindu na kuhara pia. Lakini kadri muda ulivyoenda wataalamu wa dunia wamezidi kusisitiza kwamba huu ugonjwa kwa sehemu kubwa unasafiri kwenye hewa tunayopumua, matone makubwa kwa aliye karibu na mengine madogo sana yanayobaki yanaelea chumba kikiwa kimefungwa. Jirani akikaanga dagaa chumba cha pili harufu unaipata kitandani kwako, na hujamshika mkono. Ukilielewa hilo unaanza kupanga maisha tofauti kabisa. Maongezi yote unayapeleka uani au barazani. Mgeni akija kiti kinawekwa chini ya mwarobaini, hakuna kukaribishwa sebuleni na feni ikizungusha pumzi ileile na pazia limeshushwa. Kwa bahati nzuri sisi watu wa Dar nje ndo kwetu, nyumba zetu nyingi ni za kulala tu, kwahiyo hili wala halina gharama.

Mama sasa. Mama ana miaka yake mingi, sukari na presha, na ni mtu wa watu, mtaa mzima unamuita bibi na watoto wote wanakuja kumpa shikamoo kwa kumshika mkono. Kumzuia asisalimiwe ni kama kumwambia ameshakufa. Tulikaa kikao familia nzima na yeye mwenyewe akiwepo, maana mzee hapangiwi nyuma ya mgongo wake, tukakubaliana shikamoo zinatolewa kwa mbali, yeye anakaa barazani upande wa upepo, sisi tunaotoka mjini tunaoga na kubadili nguo ndo tunamsogelea, na sahani na kikombe chake ni vyake. Kanisani akawa anasali ibada ya kwanza ya asubuhi ambayo haina watu wengi na anakaa karibu na mlango. Dawa zake za sukari tukawa tunachukua za mwezi mzima ili asiende kukaa foleni kila mara. Hiki kipengele watu wanakisahau, kuna wazee waliacha kwenda kliniki kwa kuogopa corona, sukari ikapanda na ikawamaliza yenyewe.

Ugumu mkubwa kwangu sio daladala wala mama. Ni msiba. Sisi msiba usipoenda umejitenga na watu, na siku yako ikifika utazika peke yako. Unafika pale wanawake wamekaa kwenye mikeka bega kwa bega chumbani, dirisha moja, mfiwa anakumbatiwa na kila anayeingia, alafu kuaga mwili, alafu chakula cha pamoja. Na marehemu mwenyewe kafa kwa "upumuaji". Nimechukua msimamo huu, naenda, nabaki nje kwenye turubai na wanaume, mkono wa pole naweka kifuani nainama, rambirambi natuma kwa simu kabla sijafika ili nisiwe na sababu ya kuingia ndani kwenye daftari, sili, nakaa muda wa heshima naondoka. Kuna wazee walinielewa, kuna ambao mpaka leo wananisema. Ningependa kusikia wenzangu mnafanyaje hasa akina mama, maana kwenu ndani ndo kugumu.

La mwisho ni nyumba ya kupanga. Mwezi wa pili mpangaji mwenzetu chumba cha uani aliugua, homa, kikohozi, akasema hasikii hata harufu ya karafuu. Aliogopa kusema kwa sababu alijua baba mwenye nyumba anaweza kumtoa. Hii aibu ndo inaua watu jamani. Tuliongea naye dirishani tukamhakikishia hatoki mtu, chakula tunamuwekea mlangoni kwenye vyombo vyake, maji ya dumu tunamletea, choo yeye anaenda wa mwisho usiku na asubuhi anaenda baada ya sisi kumaliza, mlango wa choo unaachwa wazi hewa ipite na pale kwenye koki na kitasa tunapangusa na maji ya jiki. Alipona. Nyumba nzima hakuugua mwingine wa kuonekana, siwezi kusema ni utaratibu wetu peke yake, lakini najua angeficha tungekuwa tunapishana naye koridoni kila dakika.

Haya wadau, uwanja wenu. Mnaishije?

#2 Konda wa Gongo la Mboto

Mkuu umeongea vizuri ila ngoja nikwambie upande wetu maana tunatukanwa sana. Level siti kwa abiria ni afya kwetu ni hesabu ya tajiri mwenye gari. Nauli haijapanda ni ileile, gari iliyokuwa inabeba waliokaa na waliosimama saivi ibebe waliokaa tu, tajiri anataka hesabu yake ileile ya siku, mafuta yaleyale, trafiki yupo palepale, alafu mimi na dereva tubaki na nini. 2020 kuna siku tulirudi nyumbani na pesa ya chai tu. Na abiria wenyewe ndo wanatusukuma, ukimwambia mama gari imejaa panda inayofuata anakwambia niache nimechelewa mtoto anaumwa, utamfanyaje, saa moja jioni pale Mnazi Mmoja watu wamesimama toka saa kumi na moja.

Mimi kinachoniuma ni kwamba konda anapumua pumzi za watu wote toka saa kumi alfajiri mpaka usiku na anashika hela za watu wote na hakuna aliyewahi kuuliza konda anajikingaje. Nasimama mlangoni, mlango wazi, hiyo ndo kinga yangu, ndo maana nang'ang'ania mlango hata trafiki akipiga faini. Barakoa navaa lakini ukiita abiria siku nzima inalowa, nikawa nabeba tatu za kitambaa kwenye mfuko wa nailoni, iliyolowa naitoa, jioni mke wangu anazifua kwa sabuni anaanika juani. Dereva wangu aliugua Februari akakaa nje wiki nyingi, hana bima, tajiri akaweka dereva mwingine. Jamaa amerudi mzima lakini gari hana.

Kuhusu madirisha kuanzia leo gari yangu yanafunguliwa yote mpaka mvua inyeshe, hilo nimelichukua.

#3 Muuguzi wa zamu

Nimesoma uzi huu baada ya kutoka usiku, nimeona nichangie kidogo, sitaji kituo ninachofanyia kazi.

Mwanzisha uzi umesema kweli kuhusu aibu. Wagonjwa wengi wanaotufia hawafi kwa sababu ugonjwa hauna msaada, wanafika wamechelewa. Mtu amekaa nyumbani siku ya nane, ya tisa, amejifukiza, amekunywa tangawizi na malimao, amenunua dawa duka la dawa baridi, mpaka midomo imebadilika rangi ndo anabebwa kwenye bajaji. Huu ugonjwa una tabia moja mbaya, oksijeni inaweza kushuka mtu akiwa bado anaongea na anatembea, anakwambia "nimechoka tu". Kama familia ina uwezo nunueni oksimita, kile kidude cha kubana kidoleni, hata nyumba kadhaa mkichanga mkawa nacho kimoja. Mgonjwa akiwa chini ya 94 msisubiri asubuhi, chini ya 90 ni hatari kubwa. Toeni rangi ya kucha kwanza na mikono iwe na joto, vinginevyo kitadanganya. Na msiokuwa nacho angalieni hivi: akishindwa kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, kifua kikibana, akichanganyikiwa, twende hospitali.

Wakati mnasubiri usafiri mgeuzeni alale kifudifudi kama anaweza au akae wima, msimlaze chali.

Nyungu sasa, maana najua mtauliza. Mvuke unafungua pua na unampa mtu nafuu ya kujisikia, hilo silikatai, tumelelewa nayo. Lakini hauui kirusi kilicho ndani ya mapafu, na nimepokea watoto walioungua kwa sufuria la maji ya moto chini ya blanketi, ngozi ya kifua yote imetoka. Pia mnafunika blanketi moja watu watatu, mmoja wenu mgonjwa, mnavuta pumzi ya mwenzenu kwa makusudi. Kama lazima ufanye, fanya peke yako, sufuria chini na liwe limetulia, watoto wadogo hapana.

Dawa. Naomba sana msinunue deksa wenyewe. Utafiti mkubwa wa Uingereza wa mwaka 2020 ulionyesha deksamethasoni inaokoa maisha ya mgonjwa anayehitaji oksijeni, na kwa asiyehitaji oksijeni haikuonyesha faida. Inapandisha sukari, sasa mpe mzee mwenye kisukari nyumbani uone. Azithro (azithromycin) nayo inanunuliwa kama karanga, ni ya bakteria, haigusi kirusi hiki, tunachofanya ni kuzoesha vijidudu vingine dawa.

Na jiki ya kupangusa vitasa na choo, ile ya asilimia 3.5, robo lita kwenye lita 8 za maji inatosha, ichanganywe siku hiyohiyo. Msiichanganye kamwe na siki wala dawa ya choo yenye asidi, inatoa gesi inayoumiza mapafu. Ndugu zangu sisi wenyewe tunazikana huku, tusaidieni mje mapema.

#4 Mpangaji wa Mbagala

Dada muuguzi (au kaka, samahani) Mungu akulipe. Hilo la oksimita la kuchangia nyumba kadhaa nalipeleka kwenye kikao cha wapangaji Jumapili hii, nyumba zetu tatu zinapakana ukuta tutaweza.

Konda kaka yangu umenifungua macho, kweli tunawasema sana. Mimi nadhani hapo serikali ya mkoa ingekaa na wamiliki, ukisema level siti bila kusema tajiri apunguze hesabu umemtwisha konda mzigo wa watu wote. Na magari yaongezwe asubuhi na jioni, abiria anayepigania dirisha hana namna ya kukaa umbali na mtu.

#5 Mtembeza wageni Arusha

Huku kwetu corona ilianza kama njaa kabla haijawa ugonjwa. Machi 2020 wageni wakaanza kughairi, wengine walipanda ndege katikati ya safari, ndani ya muda mfupi Serengeti ikabaki na wanyama wenyewe. Sisi hatukufungiwa kama alivyosema mtoa mada lakini wenzetu huko Ulaya na Marekani walifungiwa, na sisi tukafungwa na kufuli lao. Gari ya kampuni ikapaki, mshahara ukawa nusu kisha ukawa hakuna, nikarudi Karatu kulima vitunguu kwa mzee. Sijawahi kulima kibiashara, mashambani nilijifunza kwa shemeji.

Wageni walipoanza kurudi kidogo kidogo ikawa kazi tofauti. Gari watu sita tunapakia wanne, paa limefunguliwa muda wote, barakoa ndani ya gari, hakuna kushikana mikono, darubini kila mtu na yake. Mgeni alitakiwa kupima kabla ya kupanda ndege na majibu yalikuwa na muda wake maalumu, kwahiyo ratiba nzima ya safari ilipangwa kwa kuhesabu saa kurudi nyuma toka siku ya ndege. Mimi nimechanja wiki hii. Nina watoto, na kazi yangu ni kukaa kwenye gari na watu wa mataifa yote, sikuona sababu ya kusubiri.

#6 Mkazi wa Tandika

Mimi nitaongea tofauti naomba msinitukane. Nimeishi mwaka mzima na nusu bila barakoa, nauza mitumba katikati ya watu, sijaumwa. Baba yangu ana miaka themanini kajifukiza kila jumamosi yuko mzima. Mwaka 2020 tuliambiwa imeisha, tukasali siku tatu, tukashukuru, leo tunaambiwa ipo na tuchanje. Mtu wa kawaida nimuamini nani. Barakoa yenyewe ile ya shilingi mia tano mtu anaivaa wiki mbili imekuwa nyeusi anaiweka kwenye mfuko pamoja na hela, hiyo ni kinga au ni uchafu. Sipingi kwa ubishi nauliza.

#7 Mpangaji wa Mbagala

Kaka wa Tandika hakuna wa kukutukana hapa, na swali lako la nimuamini nani ni la haki kabisa. Tuliambiwa mambo yanayopingana na watu walewale na hakuna aliyekaa na sisi kutueleza kwanini yamebadilika. Aliyechanganyikiwa sio mjinga.

Nakujibu ninavyoelewa mimi. Kutokuumwa kwako hakusemi kwamba hujawahi kuwa nao, wengi wanaupata bila dalili, wengine mafua ya siku mbili, na mtu anaweza kuambukiza siku mbili kabla hata hajaanza kukohoa. Wewe uko na nguvu zako unaubeba unaupeleka kwa mteja ambaye ana mama kama wangu. Mzee wako Mungu amuweke, lakini kuna wazee wengi walikuwa wanajifukiza vilevile na tumewazika, waliokufa hawaji humu kuchangia uzi.

Barakoa uko sahihi, ile nyeusi ya wiki mbili ni uchafu. Za kitambaa tabaka mbili au tatu zinafulika, mama mmoja hapa mtaani anashona kwa mabaki ya vitenge, unakuwa nazo nne tano unabadilisha kila siku, na mitumba unauza nje kwenye hewa, huhitaji kuivaa siku nzima jua kali namna hii. Ivae kwenye daladala, kliniki, msibani ndani, kwenye mkutano wa kikoba chumbani. Sehemu zilizofungwa zenye watu wengi na muda mrefu. Ukifanya hivyo tu umeshafanya kazi kubwa kuliko mtu anayeivaa kidevuni toka asubuhi mpaka jioni.

Chanjo mimi nimempeleka mama. Rais Samia alichanja hadharani Ikulu tarehe 28 Julai 2021, dozi zilizokuja ni milioni moja na kitu za Johnson & Johnson, nchi ilikuwa na watu karibu milioni sitini, kwahiyo walitangulizwa wahudumu wa afya, wenye miaka 50 na kuendelea na wenye magonjwa sugu. Mama aliuliza maswali yake yote mbele ya muuguzi, hakuharakishwa, akasema haya choma. Usiku alipata homa na mkono kuuma, nikampa panadol, asubuhi akaomba uji. Wewe amua na baba yako, ila muulize mtu wa afya ana kwa ana, achana na zile sauti za WhatsApp zinazozunguka hazina jina la mtu.

#8 Mama lishe wa Buguruni

Nimechelewa kuingia huku nilikuwa jikoni. Mtoa mada umeuliza akina mama msibani tunafanyaje, kwa kweli ndani ni kugumu. Sisi kwenye kikundi chetu tulikubaliana mapema kabla hakujatokea msiba wa mwanachama yeyote, maana ukisema siku ya msiba unaonekana una roho mbaya. Tukasema mfiwa anatolewa nje barazani asubuhi na jioni, mikeka inatandikwa uani chini ya turubai, chumbani wanabaki ndugu wa damu tu, na wapishi wanapewa kona yao mbali na msafara. Kukumbatia ndo kulikotushinda, mwenzako kafiwa na mtoto unamuangaliaje kwa mbali. Tunamkumbatia na barakoa, uso tunaupeleka pembeni, kidogo, tunaachia. Na wanaodamka kuosha marehemu tuliwanunulia glavu na barakoa nzuri kwa pesa ya kikundi.

Biashara yangu mimi benchi nimezitoa nje zote, ndani wanakaa watatu tu wakati wa mvua. Mteja ananawa kwa sabuni kabla hajakaa, ndoo ya koki nanunua maji dumu zima kwa ajili hiyo, inauma lakini kuna faida, hata kuhara kwa watoto wa hapa nyuma kumepungua naona. Vijiko na sahani nasuuza maji ya moto. Walioniambia nawafukuzia wateja ndo sasa wanakula kwangu wanasema kwako kuna hewa.

Nina swali kwa muuguzi. Nina mtoto wa miezi mitano ananyonya, nina miaka 34 na presha ilinianza kwenye mimba haijashuka. Nasikia anayenyonyesha akichanja maziwa yanaharibika. Kila nikitaka kwenda jirani ananirudisha.

#9 Muuguzi wa zamu

Mama, pole na kazi na hongera kwa hilo la kupanga mambo ya msiba kabla, nitaliiba nilipeleke kwenye kikundi changu.

Maziwa hayaharibiki. Chanjo hii ya Johnson haina kirusi hai cha corona, haiendi kujizalisha kwenye mwili wako wala kwenye maziwa, na Shirika la Afya Duniani linasema anayenyonyesha anaweza kuchanjwa na asiache kunyonyesha hata siku moja. Wewe una presha kwahiyo upo kwenye kundi la wanaotangulizwa, usisubiri wa umri wako wafikiwe. Nenda na kadi yako ya kliniki ya presha na kitambulisho chochote ulichonacho, cha NIDA au cha mpigakura, mwambie anayekupokea kwamba unanyonyesha na utaje dawa unazotumia. Dozi ni moja tu. Kaa pale kituoni robo saa baada ya kuchomwa wakuangalie. Homa ikija usiku meza panadol na endelea kunyonyesha kama kawaida, ikipita siku tatu haijashuka rudi kituoni. Kinga haiji siku hiyohiyo, inachukua wiki mbili mpaka nne kujijenga, na majaribio yake yalionyesha inazuia ugonjwa mkali kwa kiwango cha asilimia 85 hivi, kwahiyo bado unaweza kupata mafua yake, benchi zako ziache hukohuko nje.

Presha pima kwanza kabla ya kuchomwa. Ikiwa juu sana watakutuliza kwa dawa kwanza utarudi siku nyingine, usikate tamaa ukarudi nyumbani moja kwa moja. Na huyo jirani yako mbebe muende wote, maswali yake aulize mwenyewe pale.